Sabuni ya Laki Tatu

Kaka yangu Ezaruku alinunua simu stendi ya mabasi, Arua,
jioni moja ya mvua, kwa kijana mwenye tabasamu na haraka.
Alionyeshwa ikiwaka. Akaigusa, akapiga picha kidole gumba chake,
kisha simu ikarudi kwenye boksi, boksi likarudi kotini,
"Subiri, polisi wale," akanong'ona kijana,
na boksi likatoka tena.
Nyumbani tulilifungua sote:
kipande cha sabuni ya mche, kimekatwa kwa kipimo,
kimeviringwa gazeti kisigongegonge.

Mama hakucheka. Alikitia kwenye karai.
Wiki mbili tulifulia sabuni ya laki tatu,
na mashati ya Ezaruku yakatakata kuliko ya kasisi.

Kwa hiyo mwaka huu, nilipoamua kuuza cherehani,
ile ya mguu aliyoniachia shangazi Draru,
shule nilikuwa nayo, na karo ilishalipwa.
Niliandika namba yangu kwenye karatasi,
nikaibandika nje ya duka la vitambaa.

Wa kwanza kupiga alikuwa na sauti ya asali.
Hakuuliza mkanda, hakuuliza sindano.
Aliuliza naishi na nani.
Njoo saa mbili usiku, akasema, ng'ambo ya mto Enyau,
njoo peke yako, nitakupa zaidi ya bei.
Zaidi ya bei! Nani hukipandishia bei kitu kikuukuu
ila anayejua hatailipa?
Nikamwambia cherehani imelala, na mimi nimelala.

Wa pili alileta ujumbe: umepokea shilingi laki nne.
Maneno yaleyale, nukta mahali pake,
ila namba ilikuwa ya mtu, si ya kampuni.
"Nimetuma kwa bahati mbaya zaidi," akasema, "nirudishie hamsini."
Nikauliza salio langu mwenyewe.
Likanijibu kama linavyonijibu siku zote:
elfu mbili na mia tatu.
Kivuli cha ng'ombe hakikamuliwi.

Wa tatu, Mastura, mshonaji wa mtaa wa Oli.
Inashona jinzi? akauliza. Ina barua?
Hapo nikakaa vizuri kitini.
Mwenye kununua vya wizi haulizi barua.
Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC, akaandika, akagonga muhuri:
cherehani hii ni ya Candiru, aliirithi, anaiuza kwa hiari.

Tukakutana saa sita mchana, kituo cha mafuta,
mbele ya kibanda cha pesa za simu,
ambako mlinzi ana bunduki kuukuu na macho mapya.
Ezaruku alisimama kwa muuza chapati
akijifanya ana njaa. Hakujifanya sana.

Mastura aliomba kiti kwa wakala, akatia uzi mweusi,
akashona kipande cha jinzi alichokuja nacho,
mbele, nyuma, mbele,
akakigeuza autazame mshono kwa chini,
huko uongo wa cherehani unakokaa.
Akasoma namba kwenye chuma, akailinganisha na barua.
Nami noti zake niliziinua juani moja moja.
Hakununa. Nilianza kuona aibu kidogo,
mama wa watu, na mimi nampekua kama forodha,
ndipo nikamwona yule kijana wa bodaboda, ng'ambo ya barabara,
ambaye saa nzima hajabeba abiria.

"Yule ni wako?"
"Mpwa wangu. Na yule wa chapati ya tatu?"
"Kaka yangu."

Tukacheka hadi mlinzi akasogea kuuliza kuna nini.
Walinzi wetu wawili waliibeba cherehani pamoja,
mmoja kichwa, mmoja miguu,
wakaifunga kwa mipira nyuma ya pikipiki,
wakibishana kuhusu mpira wa miguu kama watu waliozaliwa nyumba moja.

Mastura alisahau kipande chake cha jinzi.
Au hakukisahau, sijui.
Ninacho, na mshono wake mnyoofu,
ndani ya boksi lile la simu,
ambalo bado linanukia sabuni.